Kabla kifurushi hakijafika Vienna

Kifurushi cha lugha ya R hakiingii katika hazina ya CRAN kwa mwandishi wake kubofya kitufe tu. Kwanza mwandishi mwenyewe hukikagua kwa amri ileile inayotumiwa na hazina. Kisha mashine za hazina hukikagua upya na, kama ni kipya, hatimaye husomwa na mtu. Kati ya hatua hizo, ile ya kwanza ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote, kwani ndiyo pekee inayofanyika wakati kosa bado ni la mtu mmoja na halijamsumbua mwingine.

R ni lugha ya kompyuta ya kufanyia kazi za takwimu, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote ana ruhusa ya kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Mwaka 1997 Kurt Hornik na Friedrich Leisch walianzisha mjini Vienna, Austria, hazina ya CRAN, ya pamoja kwa nyongeza za lugha hiyo, ziitwazo vifurushi. Ilianza na vifurushi 12. Januari 2017 vilifika 10,000, na leo vimepita 20,000. Mtafiti wa malaria aliyeko Kilifi, mwanafunzi wa takwimu wa Dodoma na mchumi wa Nairobi huchota wote kutoka hazina hiyo moja. Huandika amri ya install.packages, na kifurushi hushuka pamoja na vingine vyote kinavyovitegemea.

Hapo ndipo ukali wa CRAN unapotokea. Hazina nyingine kubwa, kama PyPI ya lugha ya Python au npm ya JavaScript, hupokea kifurushi mara tu kinapotumwa, bila mtu kukisoma kwanza, na humwachia mtumiaji achague toleo lipi aliunganishe na lipi. CRAN humpa mtumiaji toleo moja la kila kifurushi, lile la karibuni, na hujitahidi matoleo hayo yote yaelewane. Kifurushi kimoja kikiharibika, kinaweza kuviangusha vingine mia vilivyojengwa juu yake. Wanaoilinda hali hiyo ni watu wachache wanaojitolea, ambao wana kazi nyingine za kuwapa riziki. Mwandishi anayetuma kifurushi ambacho hajakikagua huwakabidhi watu hao kazi aliyopaswa kuifanya mwenyewe, na hilo si jambo dogo katika jumuiya inayoendeshwa kwa moyo wa kujitolea.

Kazi huanza kwa kukifunga kifurushi. Folda anayofanyia kazi mwandishi siyo kitu kinachotumwa. Mara nyingi ndani yake mna rasimu, picha, faili zilizofichwa, kumbukumbu za Git, na pengine data ghafi ambayo haikupaswa kutoka nje ya ofisi. Amri ya R CMD build huichukua folda hiyo, huacha visivyohusika, hutengeneza miongozo iliyomo, kisha hutoa faili moja iliyobanwa yenye jina la kifurushi na namba ya toleo. Vitu ambavyo mwandishi hataki viingie huorodheshwa katika faili iitwayo .Rbuildignore.

Ukaguzi unapaswa kufanywa juu ya faili hiyo iliyobanwa. Mtu akiikagua folda yake badala ya faili iliyofungwa, anakagua kitu ambacho hakuna mtumiaji atakayekipata. Faili ya majaribio iliyosahaulika nje wakati wa kufunga bado itaonekana ipo kwenye folda, na kila kitu kitaenda vizuri hadi siku kifurushi kitakapofunguliwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Zana kama devtools na rcmdcheck, pamoja na kitufe cha ukaguzi kilichomo ndani ya RStudio, hufunga kwanza ndipo zikakague, na kwa sababu hiyo wengi huzipenda. Lakini nyuma yake inayofanya kazi ni amri ileile ya R CMD check, ikiongezewa neno --as-cran ili iwashe masharti ya ziada yanayotumiwa na hazina.

Jambo jingine la mapema ni toleo la R lenyewe. Ukaguzi wa CRAN hutumia pia R-devel, yaani toleo linaloendelea kutengenezwa, ambalo watumiaji wa kawaida hawatalipata hadi miezi kadhaa baadaye. Kifurushi kisicho na dosari katika R ya leo kinaweza kukwama katika R ya kesho. Mwandishi anayekagua kwa toleo alilonalo tu anakuwa amejibu nusu ya mtihani.

Amri ikishaanza, mistari hupita kwenye skrini mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukitaja kinachoangaliwa na matokeo yake. Cha kwanza ni faili ya DESCRIPTION, ambayo ni kitambulisho cha kifurushi. Humo mna jina, namba ya toleo, kichwa, maelezo, waandishi, leseni, na orodha ya vifurushi vinavyotegemewa. Mtunzaji wa kifurushi lazima awe mtu mmoja mwenye anwani ya barua pepe inayofanya kazi. Anwani ya kikundi haikubaliki. Leseni lazima iwe miongoni mwa zile ambazo R inazitambua, kama GPL-3 au MIT, na anayechagua MIT huongeza faili fupi inayotaja mwaka na mwenye hakimiliki. Maelezo yasianze kwa jina la kifurushi wala kwa kusema kwamba hiki ni kifurushi, kwani hilo msomaji analijua tayari.

Orodha ya vinavyotegemewa inastahili kutazamwa kwa makini kuliko wengi wanavyofanya. Kuna vifurushi ambavyo bila hivyo kazi haiendi, na kuna vile vinavyohitajika kwa mfano mmoja au kwa mchoro mmoja tu. Vya aina ya pili huwekwa chini ya Suggests, na msimbo unaovitumia lazima uulize kwanza kama vimo kwenye kompyuta, kisha uendelee bila ugomvi kama havimo. Anayevitegemea vifurushi zaidi ya 20 visivyokuja na R yenyewe hupewa angalizo kwamba amejiweka hatarini, kwa sababu kimoja kati ya hivyo kikiondolewa, chake nacho kinaweza kufuata. Angalizo hilo lina msingi. Vifurushi vingi vimeondolewa CRAN bila kosa la watunzaji wake, ila kwa sababu kitu walichokiegemea kiliachwa bila mtu wa kukitunza.

Baada ya hapo kifurushi husakinishwa, na msimbo husomwa na mashine bila kuendeshwa. Hapo hukamatwa majina ya vigeu ambayo hayajulikani yanatoka wapi, vitendakazi vinavyoitwa ilhali havikuagizwa kutoka kifurushi chochote, na herufi T na F zilizotumiwa badala ya TRUE na FALSE. Hili la T na F huonekana kama ubishi wa bure mpaka mtu akumbuke kwamba katika R herufi hizo mbili ni majina ya kawaida, na mtumiaji anaweza kuipa T thamani nyingine, labda joto la mwili la mgonjwa. Siku hiyo mfano aliounakili kutoka kwenye kifurushi, uliodhani T maana yake ni kweli, utatoa jibu potofu kimyakimya.

Kuna kipengele kimoja cha hatua hii kinachowagusa moja kwa moja waandishi wa Afrika Mashariki. Ukaguzi hutaka faili za msimbo ziwe na herufi za msingi tu, zile za ASCII, ili zisomeke sawa kwenye kila mashine. Kiswahili, ukikiangalia juujuu, hakina tatizo hapo, kwani hakitumii alama juu ya irabu. Tatizo limejificha kwenye ng'. Alama ya ritifaa ikiandikwa kwa kibodi ndani ya kihariri cha msimbo huwa ni ile iliyonyooka, ambayo ni ASCII. Lakini neno likinakiliwa kutoka Word au kutoka waraka wa PDF, mara nyingi huja na ritifaa iliyopinda, ambayo ni herufi nyingine kabisa kwa kompyuta. Chukua kaunti 47 za Kenya. Anayetengeneza kifurushi cha data kama rKenyaCensus, chenye matokeo ya sensa ya mwaka 2019, analazimika kuliandika jina la Murang'a. Jedwali moja likiwa na ritifaa iliyonyooka na jingine likiwa na iliyopinda, majedwali hayo hayataunganika: kaunti nzima itadondoka kwenye ramani, na jicho la binadamu halitaona tofauti yoyote kati ya majina hayo mawili.

R ina kitendakazi cha showNonASCIIfile ndani ya kifurushi cha tools, kinachoonyesha mstari hasa wenye herufi hizo. Ndani ya msimbo, herufi inayohitajika kweli huandikwa kwa namba yake ya Unicode. Kwa ritifaa iliyopinda ni \u2019. Ndani ya data herufi za UTF-8 zinaruhusiwa, ingawa ukaguzi huzihesabu na kuzitaja. Dawa bora, hata hivyo, ni kuchagua ritifaa moja mwanzoni kabisa na kusafisha data yote kabla ya kuifunga.

Kisha hufuata nyaraka. Kila kitendakazi kinachotolewa kwa mtumiaji lazima kiwe na ukurasa wa msaada, na ukurasa huo lazima ulingane na msimbo. Mwandishi akiongeza hoja mpya kwenye kitendakazi akasahau kuitaja kwenye ukurasa, ukaguzi humpa onyo. Akibadili thamani ya msingi ndani ya msimbo lakini ukurasa ukabaki na ya zamani, hupewa onyo pia. Hakuna sehemu ya ukaguzi inayomsaidia mtumiaji wa kawaida kuliko hii. Ukurasa wa msaada uliopitwa na wakati ni mbaya kuliko kutokuwa na ukurasa kabisa, kwa kuwa msomaji huuamini.

Mifano iliyomo kwenye kurasa hizo huendeshwa yote. Unaochukua zaidi ya sekunde tano hutajwa kwa jina. Inayochukua muda mrefu kwa sababu za msingi inaweza kuwekwa ndani ya \donttest, ila tangu R 4.0.0 ukaguzi wa --as-cran huiendesha hata hiyo. Alama ya \dontrun ni kwa mifano ambayo kweli haiwezi kuendeshwa popote, kwa mfano inayohitaji nywila ya mtumiaji. Baadhi ya waandishi hufunika mifano yao yote kwa \dontrun ili ukaguzi upite haraka. Huko ni kuzima taa ili vumbi lisionekane. Mifano ambayo haijawahi kuendeshwa na mtu huharibika bila taarifa, na mtumiaji mgeni ndiye wa kwanza kuinakili.

Majaribio nayo huendeshwa, kwa kawaida yakiwa yameandikwa kwa kifurushi cha testthat, na baada yake miongozo mirefu hutengenezwa upya kuanzia mwanzo. Karibu na mwisho hutengenezwa kitabu cha PDF cha kurasa zote za msaada, kazi inayohitaji programu ya LaTeX. Asiye na LaTeX anaweza kuiruka hatua hii kwenye kompyuta yake, mradi akumbuke kwamba CRAN haitairuka.

Matokeo huja kwa ngazi tatu, mbali na ile ya kupita salama. Hitilafu humaanisha kifurushi hakifanyi kazi. Hakuna mjadala hapo. Onyo humaanisha kuna jambo litakalomdhuru mtumiaji au litakalokikwamisha kifurushi, nalo pia lazima liondolewe. Angalizo ndilo lenye utata. Maangalizo mengine ni mabishano madogo, mengine ni dalili ya ugonjwa mkubwa, na mashine haiwezi kutofautisha. Kifurushi kinachotumwa kwa mara ya kwanza hupata angalizo la kusema kwamba ni kipya, na halina dawa. Maneno yasiyomo kwenye kamusi ya tahajia ya Kiingereza hutajwa kuwa huenda yamekosewa, hivyo majina ya mahali kama Kilifi au Kigoma katika maelezo yanaweza kuibua angalizo. Huduma ya saa ya mtandaoni isipojibu, ukaguzi husema haukuweza kuhakikisha wakati. Hayo humalizwa kwa sentensi moja ya ufafanuzi wakati wa kutuma.

Mengine hayamalizwi hivyo. Angalizo la ukubwa, linalotokea kifurushi kilichosakinishwa kinapozidi megabaiti tano, mara nyingi humaanisha mtu ameingiza data yote aliyonayo wakati mtumiaji anahitaji sehemu ndogo. Kwa msomaji anayenunua intaneti kwa megabaiti, ukubwa huo ni pesa. Angalizo la kiungo kilichohamishwa humaanisha ukurasa uliotajwa umebadili anwani, na kesho huenda usiwepo. Kawaida nzuri ni kulichukulia kila angalizo kama kosa hadi litakapothibitika kuwa si kosa.

Mbali na yale yanayoonwa na amri, hazina ina sera zake, nyingine zikiwa ngumu kwa mashine kuzigundua. Kifurushi kisiandike chochote kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji bila ridhaa yake; mifano na majaribio yaandike kwenye folda ya muda tu. Kisitumie zaidi ya viini viwili vya kompyuta wakati wa ukaguzi, kwa kuwa mashine hiyohiyo inakagua vifurushi vingine kwa wakati mmoja. Kikibadili mipangilio ya mtumiaji, kwa mfano ya michoro au folda anayofanyia kazi, kiirudishe kama ilivyokuwa, na njia ya uhakika ni on.exit, ambayo hufanya kazi hata kitendakazi kikikatika njiani. Kikihitaji intaneti na intaneti isiwepo, kitoe ujumbe unaoeleweka na kitulie, kisianguke. Sharti hili la mwisho linaweza kuwashangaza waandishi wanaoishi kwenye mtandao usiokatika. Kwa mtafiti anayefanya kazi kwenye zahanati ya pembezoni, ambako mtandao huja na kuondoka, ndilo linalotofautisha kifurushi kinachotumika na kisichotumika.

Kompyuta ya mwandishi ni moja, na watumiaji wako kwenye Windows, macOS na Linux za namna nyingi. Hapa ndipo huduma za ukaguzi wa mbali zinapofaa. Win-builder, inayoendeshwa na Uwe Ligges wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dortmund, Ujerumani, hupokea faili iliyofungwa, huikagua kwenye Windows kwa toleo la R ambalo mwandishi amechagua, na kumtumia mtunzaji kiungo cha matokeo kwa barua pepe. Matokeo hayo hukaa kwa muda wa siku tatu hivi kisha hufutwa. R-hub, mradi uliofadhiliwa na R Consortium, hutoa mifumo mingi zaidi. Kuna pia huduma ya macOS. Mwandishi wa Morogoro au Bujumbura mwenye kompyuta ndogo moja na kifurushi cha intaneti cha wiki anaweza kukagua kwenye mifumo yote mitatu kwa kutuma faili ya megabaiti chache tu, na kazi nzito ikafanyika kwenye mashine za wengine. Huu ni msaada mkubwa unaotolewa bure, na haujulikani vya kutosha.

Mifumo tofauti huibua makosa ambayo mwandishi hangeyawaza akiwa peke yake. Kwenye Mac zenye chipu za Apple, hesabu hazipati ile nafasi ya ziada ya tarakimu ambayo chipu za Intel huitumia ndani kwa ndani, kwa hiyo jaribio linalotaka majibu mawili yawe sawa hadi tarakimu ya mwisho hushindwa, ingawa hesabu ni sahihi. Jaribio la namna hiyo linapaswa kuruhusu tofauti ndogo. Upangaji wa maneno kwa alfabeti nao hubadilika kufuatana na lugha ya kompyuta.

Saa nazo zina mtego wake. Afrika Mashariki haibadilishi saa zake mwaka mzima, hivyo msimbo wa tarehe ulioandikwa Dar es Salaam unaweza kukaguliwa mara elfu pasipo kosa. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Tarehe 26 Machi 2023, kwa mfano, dakika zote kati ya saa nane na saa tisa za usiku hazikuwepo Vienna: saa ziliruka kutoka nane kwenda tisa. Kifurushi kinachopanga vipimo vya mvua kwa kila nusu saa, kikiendeshwa kwenye kompyuta iliyowekwa saa za Vienna, kitakutana na wakati ambao haupo. Ni busara kuutaja ukanda wa saa waziwazi katika kila jaribio, au kutumia UTC, badala ya kuiachia kompyuta iamue.

Vifurushi vyenye msimbo wa C, C++ au Fortran vina mzigo zaidi. Lugha hizo humruhusu mwandishi kusoma kumbukumbu ya kompyuta nje ya mipaka ya jedwali lake. Mara nyingi hakuna kinachotokea; siku moja R nzima huzimika, au mbaya zaidi, hutoa namba isiyo sahihi. Zana za valgrind, ASAN na UBSAN huufuatilia msimbo unapoendeshwa na kuonyesha mstari uliovuka mpaka. CRAN huzitumia baada ya kifurushi kuchapishwa, na watunzaji wengi hukutana nazo kwa mara ya kwanza kupitia barua ya kuwaarifu kwamba kifurushi chao kina tatizo. Ni afadhali kuzitumia mapema, hata kama huchukua muda mrefu na matokeo yake husomeka kwa taabu.

Kifurushi kilicho tayari CRAN kina wajibu mwingine kila kinaposasishwa: kuvikagua vifurushi vinavyokitegemea. Toleo jipya linaweza kuwa safi lenyewe na bado likavunja kazi za wengine, kwa kubadili jina la hoja au aina ya jibu. Kifurushi cha revdepcheck hupakua vyote vinavyotegemea hicho kinachosasishwa, huvikagua kwa toleo la zamani, kisha kwa jipya, na kuonyesha tofauti. Panapotokea uvunjifu, sera inataka watunzaji wa vifurushi vilivyoathirika waarifiwe angalau wiki mbili kabla.

Uzito wa jambo hili ulionekana R yenyewe ilipobadilika. R 4.0.0, iliyotoka Aprili 2020, iliacha desturi ya kugeuza maneno kuwa makundi kila data inaposomwa. Katika toleo hilohilo, matriki ilianza kujitambulisha kwa majina mawili, matrix na array, badala ya moja. Misimbo iliyokuwa ikiuliza kwa kulinganisha jina moja kwa moja ilianza kupata majibu mawili mahali pa moja. Kwa miaka miwili R iliishia kutoa onyo. Aprili 2022, katika R 4.2.0, sharti lenye majibu mawili likawa hitilafu kamili. Waliokuwa wakikagua kwa R-devel na kulizingatia onyo walirekebisha mstari mmoja mapema, wakatumia kitendakazi cha inherits au is.matrix. Waliolipuuza waliona vifurushi vyao vikisimama.

Baada ya yote hayo ndipo faili hutumwa, kupitia fomu fupi ya mtandaoni yenye nafasi ya maelezo. Hapo mwandishi hutaja mifumo aliyokagulia, maangalizo yaliyobaki na sababu yake, pamoja na matokeo ya vifurushi vinavyokitegemea kifurushi chake. Mtunzaji hupokea barua pepe na lazima athibitishe kwamba ni yeye aliyetuma na kwamba anazikubali sera. Mashine hukagua kwenye Windows na kwenye Debian, na matokeo hurudi, kwa kawaida siku hiyohiyo. Kukiwa na hitilafu au onyo, safari huishia hapo hadi faili nyingine itumwe. Ni vyema namba ya toleo ipandishwe hata kama toleo lililotangulia lilikataliwa, ili matoleo yasichanganywe.

Kifurushi kipya hupelekwa kwa msomaji binadamu, na maswali yake hayafanani na ya mashine. Huuliza kwa nini ukurasa fulani haumwelezi mtumiaji kitendakazi kinarudisha nini. Hutaka marejeo ya mbinu zilizotumika yatajwe kwenye maelezo, pamoja na namba zake za DOI. Hutaka majina ya programu nyingine yawekwe ndani ya alama za nukuu moja na vifupisho vifafanuliwe. Hukataa kitendakazi kinachomwaga maandishi kwenye skrini kwa namna ambayo mtumiaji hawezi kuyanyamazisha, au kinachosakinisha vifurushi vingine bila kuombwa. Huuliza pia kuhusu watu ambao msimbo wao umenakiliwa ndani ya kifurushi, kama wametajwa miongoni mwa wenye hakimiliki. Majibu yake huwa mafupi na makavu, na waandishi wapya huumizwa nayo. Lakini karibu kila ombi lake humfaidi mtu atakayekisoma kifurushi hicho baadaye, na karibu yote yangeweza kutekelezwa kabla ya kutuma.

Wakati wa kutuma nao una hesabu yake. CRAN hufunga mapokezi kwa majuma kadhaa katikati ya mwaka na tena mwisho wa mwaka ili wanaojitolea wapumzike. Kwa kifurushi ambacho tayari kimechapishwa, inatarajiwa matoleo mapya yasije mara nyingi zaidi kuliko kila mwezi mmoja au miwili. Sharti hilo pekee linatosha kumfanya mtu akague vizuri: kosa dogo lililopita leo linaweza kukaa kwenye kompyuta za watu kwa wiki nyingi kabla ya toleo linalofuata.

Kuchapishwa hakumalizi ukaguzi. Mashine za CRAN huendelea kukikagua kifurushi tena na tena kwenye mifumo kadhaa, kwa R ya sasa, ya nyuma na inayokuja, na matokeo huwekwa hadharani. Kitu kikibadilika, iwe ni R, kikusanyaji cha C au kifurushi kinachotegemewa, mtunzaji huandikiwa barua yenye tarehe ya mwisho ya kurekebisha. Tarehe ikipita bila jibu, kifurushi huhamishiwa kwenye nyaraka za kale. Hakifutwi, matoleo yake yote hubaki pale, ila amri ya install.packages haitakipata tena, na vile vinavyokitegemea huingia hatarini.

Mtunzaji anaweza kukirudisha. Hupandisha namba ya toleo, hurekebisha kilichotajwa, hukagua upya kwenye mifumo yote na kutuma kama kipya. Ukaguzi utaonyesha angalizo la tarehe ambayo kifurushi kiliondolewa na sababu iliyoandikwa wakati huo. Katika nafasi ya maelezo, mtunzaji hueleza alichobadilisha kuhusu sababu hiyo, na faili hupita tena Windows, Debian na mikononi mwa msomaji.